Wazee wananijibu kama niko Uhamiaji

Wakuu, naomba msaada. Nafanya utafiti wa uzamili juu ya utambulisho na uraia, nahoji wazee wa Temeke ambao wazazi wao walitoka Burundi. Tukipiga stori barazani wanafunguka. Nikiwasha kinasa sauti tu, mzee anakaa wima: "Mimi Mtanzania, nimezaliwa hapa," halafu anamtuma mjukuu alete kitambulisho cha NIDA. Nifanyeje?

Jibu 1: Dada, usianze na uraia. Muombe akusimulie maisha: shule, kazi, ndoa, baba yake alizikwa wapi. Na huko kutumwa kwa mjukuu ni data kabisa! Andika kwenye daftari.

Jibu 2: Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima uraia wa nchi mbili, kwa hiyo swali lako linaweza kumponza. Ficha majina, hata mtaa. Usiwachanganye pia na wakimbizi wa Burundi wa 1972, zaidi ya 160,000, waliopewa uraia 2014. Historia yao ni nyingine.

Muulizaji: Nashukuru sana. Yale ya barazani naweza kuyanukuu?

Jibu 1: Hapana, mpaka umrudie mzee umuombe ruhusa.