Paranoid au Master of Reality: nichukue santuri ipi?

Nyuzi_Sita: Wakuu habari za jioni. Binamu yangu anarudi toka Uingereza wiki ijayo, kasema nichague santuri moja tu ya Black Sabbath, ile bendi ya roki nzito, aniletee, begi limejaa. Nimebaki na mbili, Paranoid ya 1970 na Master of Reality ya 1971. Zote nimezisikia kwenye simu tu. Ijumaa anaenda dukani, nisaidieni.

MzeeWaSindano: Kijana mbona hujasema kitu. Mashine gani ya kupigia? Santuri unataka mpya au iliyotumika? Bajeti je? Spika zako zikoje, au ndo zile mashine za sanduku zenye vispika vya ndani? Kwenye vispika vile besi ya Geezer Butler huisikii kabisa.

Mama_Rifu: Paranoid, wala usijiulize. Inafungua na War Pigs, karibu dakika nane, king'ora kinalia na Bill Ward anagonga drams kama anabomoa mlango, halafu baadaye Planet Caravan inakutuliza, sauti ya mwimbaji wao Ozzy wameipitisha kwenye spika ya kinanda inayozunguka, unaisikia kama iko chini ya maji. Wimbo wenyewe wa Paranoid waliutunga mwishoni kabisa sababu albamu ilikuwa bado fupi, na ndo ukavuma kuliko zote. Albamu ilikuwa iitwe War Pigs, ndo maana kavani kuna jamaa ana upanga na ngao.

Kobe_Mzito: Heshima yako mama ila hapo sikubali. Master of Reality ndo mpiga gitaa wao Tony Iommi kashusha nyuzi nusu toni tatu, sikiliza Children of the Grave na Into the Void, gitaa linanguruma toka tumboni. Bendi zote nzito za mwendo wa taratibu zilizokuja baadaye zimechota hapo. Dakika 34 tu na sirushi wimbo hata mmoja.

Nyuzi_Sita: Samahani mzee, shikamoo. Mashine ni ya marehemu baba, sindano nimebadilisha mwaka jana, spika ni mbili kubwa za mbao. Bajeti pauni 30. Mpya au iliyotumika sijui, ndo nataka ushauri.

MzeeWaSindano: Marahaba. Spika hizo zinatosha.

Kava_Safi: Chukua MPYA. Mimi niliagiza Paranoid iliyotumika kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, picha zinang'aa, kaandika hali nzuri sana, nikasubiri wiki sita, nikalipa na ushuru juu, siku imefika nimefungua nikakuta imepinda kama chapati iliyoungua, sindano inapanda inashuka, ikifika wimbo wa Iron Man inaruka na kurudia palepale. Nikaiweka katikati ya vioo viwili na vitabu juu siku nne, wapi. Muuzaji nikamwandikia mara tatu hakujibu. Niliumia sana maana ile pesa nilidunduliza.

Mama_Rifu: Pole sana mwanangu. Binamu aitoe kwenye kava aishike usawa wa macho kabla hajalipa, na kwenye ndege asiiweke kwenye begi la chini.

Kobe_Mzito: Tukirudi kwenye nyuzi, watu wanasahau alizilegeza kwa ajili ya vidole. Iommi ana miaka 17 mashine ya kiwandani Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye ni mashoto, yaani ndo mkono wa kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole.

Mama_Rifu: Lakini Paranoid kapiga na vidole hivyohivyo na nyuzi hakuzishusha! Kilichomrudisha kwenye gitaa ni msimamizi wake wa kiwandani kumsikilizisha Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi aliyepiga kwa vidole viwili baada ya kuungua. Kila nikikumbuka nasisimka.

Kava_Safi: Mimi tangu Ozzy afariki Julai 22, 2025 hiyo Planet Caravan siimalizi. Wiki mbili tu kabla ya hapo alikuwa uwanja wa Villa Park kwao Aston, Birmingham, kakaa kwenye kiti anaimba, wote wanne wa bendi jukwaani.

Kobe_Mzito: Nililia siku ile, sifichi.

Nyuzi_Sita: Asanteni wote. Usiku huu nimezirudia zote mbili, Into the Void imenishika ila War Pigs baba alikuwa anaipiga mluzi akiosha gari. Sijui kwa kweli.

MzeeWaSindano: Na mkanda wa mashine umeuangalia? Kama ni ule wa enzi za baba utakuwa umelegea, spidi inashuka na Ozzy atasikika kalewa. Piga picha ya chini ya sahani utuwekee hapa.