Mhusika anayejifunza kusoma ukubwani: nimwandikeje asigeuke hotuba ya kampeni?

Kalamu ya Nansio

Wakuu, heshima kwenu. Naandika hadithi ndefu, sasa imefika maneno kama 12,000. Mhusika mkuu ni Nyanjige, mjane wa miaka 44 kisiwani Ukerewe, mkulima wa pamba na muhogo. Mwaka 1971 darasa la kisomo linaanzishwa kijijini kwake. Anajiunga, anahangaika, mwisho anajua kusoma, na hadithi inafungwa pale anapotia saini kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa kijiji unaonunua pamba, badala ya kuweka dole gumba.

Watu wawili wamesoma mswada na wamesema jambo lilelile: sura za mwanzo zinauma, lakini tangu anaposhika kitabu mama huyu anapotea, linabaki bango la Elimu ya Watu Wazima. Nia yangu ni kwamba shida alizopitia na kule kuushinda ujinga ndivyo vimfanye awe mtu aliye. Nimejaribu kuongeza shida (mtoto anafariki, nyumba inaungua) na hadithi imezidi kuharibika. Nimekosea wapi? Naomba mbinu za kufanyia kazi.

Fundi Msuko

Mkuu, futa moto wa nyumba leo hii. Shida ikiongezwa haimwongezei mhusika chochote, inamwongezea msomaji uchovu. Kinachomjenga mtu ni yale aliyozoea kuyafanya ili shida isimmalize, na mazoea hayo huandikika kwa sababu yanaonekana kwa macho.

Chukua karatasi uorodheshe mbinu za mtu asiyejua kusoma anayeishi katikati ya karatasi. Hushika hesabu kichwani, au kwa mafundo ya kamba. Kwenye foleni hakai wa kwanza, anasubiri aone wa mbele wanafanya nini. Akipewa karatasi anaikunja papo hapo, haitazami, asije akaishika kichwa chini miguu juu mbele za watu. Anajua mtoto wa nani ana mdomo wa kutunza siri, ndiye anayempelekea barua asomewe. Akibanwa husema macho yanamsumbua. Chagua tatu tu, uziweke kwenye kurasa 10 za mwanzo bila kuzifafanua. Kisha kisomo kikianza, moja ife, moja ibaki hata baada ya kujua kusoma, na moja igeuke silaha. Ile inayobaki ndiyo wengi huisahau, na ndiyo inayomzuia mhusika wako asigeuke mtu mpya asiye na jana.

Mfano ni mizani ya chama cha msingi, pale karani anapopima pamba. Nyanjige ana magunia matatu ya pamba: kilo 38, 41 na 36. Karani anayataja kwa sauti mbele ya watu, kisha anaandika jumla 105. Nahisi katika mswada wako mama anagundua wizi baada ya kujua kusoma. Hapana. Mtu anayehesabu kichwani miaka 20 anajua ni 115 kabla karani hajainua kalamu. Amejua msimu huu na ule uliopita. Alichokosa ni mahali pa kuweka kidole kwenye karatasi aseme, "Hapa." Ukiandika hivyo, sura za mwanzo zinabadilika zote: humwandiki tena mtu gizani, unamwandika mtu anayejua na amenyamaza.

Halafu mpe karani sura. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, na hadithi nyingi za namna hii humwandika mjinga zikamsahau mwerevu. Karani awe shemeji yake, aliyetoa gharama za msiba wa marehemu mumewe. Siku atakayoweka kidole kwenye ile sifuri anachagua kati ya kilo 10 za pamba na ukoo. Hapo ndipo tutamjua Nyanjige ni nani.

Mzee wa Stakabadhi

Naongezea upande wa mambo yenyewe, maana hadithi ya wakati maalumu ikikosea vitu vidogo msomaji wa rika lile anafunga kitabu.

Mwaka 1971 kwa Ukerewe ni sahihi kabisa. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada yake zikachaguliwa wilaya sita za kuanza nazo kufuta ujinga, Ukerewe na Mafia zikiwemo. Lakini usimpe cheti cha mtihani wa taifa mwaka huo, kwa sababu mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo ulifanyika Agosti 1975. Kumbuka pia nchi ilikotoka: kwa hesabu ya 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama asilimia 67. Maana yake kijijini kwako Nyanjige si wa ajabu hata kidogo. Usimfanye peke yake asiyejua, la sivyo umehamisha aibu ya leo ukaipeleka 1971. Aibu ya wakati ule ilikuja na darasa lenyewe, pale wengine walipoanza kujua na wengine wakabaki.

Msimu wa kilimo uheshimu. Pamba ya kanda ya ziwa hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi Desemba, palizi inafuata, kuchuma huanza kama Mei au Juni. Darasa huwa alasiri, watu wakishatoka shambani. Wakati wa palizi mahudhurio huanguka, mtu akirudi amesahau nusu. Tumia kuanguka huko. Mhusika anayepanda tu kama ngazi hafanani na mtu. Anayerudi Machi akakuta wenzake wameshafika kwenye sentensi ana jambo la kuamua: akae nao akijifanya anafuata, au arudi mstari wa mbele na wapya.

Mwalimu pia mpime vizuri. Walimu wa kujitolea walikuwa wakipata posho ya shilingi 30 kwa mwezi, na wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba. Kwa hiyo yupo binti wa miaka 17 mbele, ubao umeegemezwa mwembe, na chini wamekaa mama zake wadogo na baba zake wakubwa. Anamkosoaje mtu anayepaswa kumwamkia "Shikamoo"? Tukio hilo lina uzito kuliko vifo vyote ulivyoongeza.

Na mizani: usisahau madaraja. Pamba hupangwa safi na fifi (ile chafu, ya daraja la chini), na bei haziwi sawa. Karani mwerevu haibi kilo, ambazo watu wanazisikia zikitajwa. Anaandika fifi mahali pa safi. Hilo kichwa cha Nyanjige hakiwezi kulikamata, linahitaji jicho linalosoma. Fundi Msuko ana mfano mzuri wa jumla, weka wake sura ya mwanzo na huu wa fifi baada ya kisomo. Wizi unapanda daraja kadiri mama anavyopanda.

Bi Mkasi

Mimi nazungumzia sentensi, kwa sababu hapo ndipo bango linapozaliwa.

Fungua mswada utafute maneno haya: giza, mwanga, nuru, ukombozi, kufumbuka macho. Kila ulipoyatia kwenye kinywa cha msimulizi, kata. Yaachie kwa Bwana Maendeleo, yule afisa wa maendeleo anayekuja na baiskeli kufungua darasa, yeye ndiyo lugha yake. Kijiji kina lugha yake pia: watu watawaita wanakisomo "ngumbaru", wengine kwa mzaha, wengine kwa kuumiza.

Kabla hajajua kusoma, karatasi zisimulie kwa namna anavyozijua yeye: stakabadhi ya kodi kwa rangi yake, ya pamba kwa upande uliochanika, barua ya mwanawe kwa namna ilivyokunjwa mara nne. Hajui kilichoandikwa lakini hakosei ipi ni ipi. Baada ya kujua kusoma, mfanye siku moja akosee, achukue karatasi isiyo yenyewe kwa sababu ameacha kutazama rangi. Hasara ndogo kama hiyo inasema mengi kuhusu mtu kubadilika.

Kujifunza kwenyewe kuandike kwa hatua, usirukie "hatimaye akaweza". Mkono uliozoea jembe unabonyeza penseli mno. Ncha inakatika, karatasi inatoboka mstari wa tatu. Akiwa na miaka 44 macho yameanza kusukuma kitabu mbali, na kibatari kinamtaka asogee karibu. Hizo nguvu mbili zigongane.

Kisha silabi. Neno "pamba" linakatwa pa-mba, kisha pa pe pi po pu, mba mbe mbi mbo mbu. Hapo kuna mtego: katika "mtu" ile m inasimama peke yake, m-tu. Katika "mbegu" haisimami, ni mbe-gu. Mwanafunzi aliyefaulu "mtu" atasoma "m-be-gu" kwa mapigo matatu, asikie neno asilolijua, ilhali mbegu ziko kwenye kikapu mbele yake. Andika tukio hilo, dakika nzima, mpaka neno linapodondoka mahali pake.

Mtego wa pili: Kiswahili si lugha ya nyumbani kwake. Wasemaji wengi wa lugha za kanda ya ziwa huchanganya l na r. Kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Barua ya posa ya binti yake iwe na sentensi ya mahari, naye aisome mahali. Usiifanye kichekesho, iwe na gharama.

Mtego wa tatu ndio mkubwa. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtu anaweza kutamka sentensi nzima bila kosa na asiielewe. Kwenye chupa ya dawa ya pamba imeandikwa "isitumiwe karibu na chakula". Anaitamka vizuri mbele ya watoto, wanampigia makofi. "Isitumiwe" haijui. Watu wote wanaamini ujinga umekwisha, yeye peke yake anajua haujaisha, na hana wa kumwambia.

Kalamu ya Nansio

Nashukuru sana, Bi Mkasi umenikamata: "mwanga" lipo mara 31. Maswali mawili. Neno "mjinga" nilitumie kwa Nyanjige, au linamdhalilisha? Na saini ya mwisho ife?

Hamadi wa Kiuyu

Neno "mjinga" litumie bila woga, ila lijue. Kwa Kiswahili mjinga ni asiyejua jambo, na akifundishwa hujua. Mpumbavu ni yule aliyefundishwa akakataa. Kampeni ilisema "kufuta ujinga" kwa maana ya kwanza, lakini mtu wa kawaida akiitwa mjinga sokoni anasikia tusi. Mpe Nyanjige nafasi ya kulisikia kwa maana zote mbili kinywani mwa mtu mmoja, siku mbili tofauti.

Na ujinga wa nani? Tia muuza duka pale mjini Nansio aliyesoma chuoni, yaani madrasa, utotoni, anayeandika daftari la madeni kwa herufi za Kiarabu. Watu wa pwani wameandika Kiswahili kwa herufi hizo karne nyingi. Bwana Maendeleo akija anaweza kumhesabu naye kama asiyejua kusoma, na karani wa chama hawezi kusoma hata mstari mmoja wa daftari lile. Nyanjige akiliona hilo ataelewa kwamba karani naye ana karatasi anazozikunja haraka. Huhitaji kumfanya alisemee.

Fundi Msuko

Saini isife, ihamishe. Iweke kama theluthi mbili ya hadithi, kwa sentensi moja kavu. Ikikaa mwisho inasema safari imekwisha, na kwa kweli hapo ndipo gharama inaanza: majirani wanakuja na barua zao. Yule aliyekuwa akitafuta mtoto mwenye mdomo wa kutunza siri sasa ndiye mdomo wenyewe.

Andika barua mbili, zote za jirani mmoja, kutoka kwa kijana wake aliyehamia Mwanza. Ya kwanza ifike miezi michache baada ya Nyanjige kujua kusoma. Msomaji mpya hasomi kimyakimya, anasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na mdomo unafika kabla ya akili. Kwa hiyo habari mbaya itoke yote, "si-ta-ru-di", mama wa kijana aielewe kabla ya Nyanjige. Hakuwa na namna ya kuizuia, hata kama angetaka.

Bi Mkasi

Hapo umemaliza kazi, Fundi. Ila ya pili iwe mwaka mmoja na nusu baadaye, na mwandishi lazima aonyeshe mapema, mahali pasipo na uzito, kwamba Nyanjige ameanza kusoma kwa macho tu, midomo ikitikisika bila sauti. Tangazo la soko linatosha. Usipoliweka, msomaji hataelewa kinachotokea barua ya pili inapofunguliwa: macho yametangulia mistari miwili, ameshajua kilichoandikwa, na jirani yake amekaa kwenye mkeka anasubiri. Kwa mara ya kwanza anaweza kusema lolote.

Kipande hicho cha ukimya kiandike kwa urefu, ukurasa mzima ukiweza. Yale mazoea matatu ya sura ya kwanza yarudi humo. Mikono ianze kuikunja karatasi kabla hajaamua.