Ubunifu wa ndani ya majengo: je, ni lazima chuo kikuu, na nijiandae vipi?

Binti wa Nzuguni aliandika:

Shikamooni wakubwa zangu. Nimehitimu kidato cha sita, mchepuo wa PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati), na ninaishi na shangazi yangu hapa Nzuguni, Dodoma. Kwa muda mrefu nimevutiwa na namna vyumba vinavyopangwa, na sasa ninataka kusomea ubunifu wa ndani ya majengo ili iwe kazi yangu ya maisha. Shangazi, ambaye ndiye atakayenilipia, hanipingi, ila ameniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu: kwa nini alipe ada ya chuo kikuu kwa kazi ambayo, kwa macho yake, ni ya kuchagua mapazia na rangi za ukuta, na ambayo wapo watu mjini wanaifanya bila cheti chochote? Naomba walio kazini wanisaidie kumjibu kwa heshima. Naomba pia kujua nitumie vipi miezi hii ya kusubiri udahili, kwa sababu sipendi nifike darasani nikiwa sijui chochote.

Mbunifu wa Ilazo alijibu:

Marahaba, mdogo wangu. Swali la shangazi yako ni la haki, na mzazi yeyote anayetoa fedha zake anastahili kujibiwa kwa mambo anayoweza kuyaona. Mwombe aingie nawe jikoni, kwa sababu hapo ndipo kazi yetu inapoonekana waziwazi.

Mbunifu akiitwa kupanga jiko la nyumba ambayo bado inajengwa, kitu cha kwanza anachokitoa ni tepu. Anapima kuta zote, anapima kimo cha kizingiti cha dirisha kutoka sakafuni, anaangalia mlango unafungukia upande gani, halafu anatafuta bomba la maji machafu linatokea wapi, kwa kuwa sinki haliwezi kukaa popote panapopendeza kama bomba lake halitapata mteremko. Kaunta huwa na upana wa sentimita 60 hivi na kimo cha kati ya sentimita 85 na 90, lakini kimo hicho hubadilika kulingana na urefu wa anayepika, kwani mama mrefu akikatia mboga kwenye kaunta fupi kila siku ni mgongo wake unaoumia. Zikiwapo kaunta mbili zinazotazamana, nafasi ya katikati isipungue mita moja, ili mtu aweze kufungua oveni au droo huku mwenzake akipita. Jiko la gesi halikai chini ya dirisha ambalo upepo unazima moto. Soketi za friji, birika na blenda lazima ziwekewe alama ukutani kabla ya plasta, na ziwe mbali na sinki. Yote hayo yanachorwa, kwa ramani inayoonwa kutoka juu na kwa michoro ya kila ukuta, na yanafuatana na mchanganuo wa gharama ambao mteja anaweza kuukagua kipengele kwa kipengele. Rangi na mapazia huja baadaye kabisa, na hata hayo yana hesabu zake.

Hapo ni nyumba ya mtu mmoja. Kwenye zahanati, benki au ofisi ya umma, unawajibika kwa watu usiowajua: anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji duara la sentimita 150 hivi ili ageuke, njia ya kutokea wakati wa moto haitakiwi kuzibwa na kabati la mapokezi hata likipendeza namna gani, na anayesoma nyaraka mchana kutwa anahitaji mwanga usiomchosha macho. Dodoma ya leo ina majengo mengi ya aina hiyo. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa nguvu mwaka 2016, na mji ukatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, na maeneo yanayoizunguka yamejaa ofisi, hosteli na nyumba za wageni, na kila jengo linapokamilika kuna mtu anayepaswa kupanga ndani yake. Kwa uzoefu wangu, kazi hizo huenda kwa mwenye michoro inayojengeka, na aliye na picha nzuri tu kwenye simu huachwa nje ya mazungumzo mapema.

Kuhusu chuo, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kina shahada ya fani hii, na kwa kuwa kinafundisha pia usanifu majengo na ukadiriaji majenzi (kukadiria gharama za ujenzi), utasoma karibu na watu utakaofanya nao kazi baadaye. Sifa za kujiunga zisome kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka unaoomba, maana zinaweza kubadilika. Vilevile, ulizia mapema masharti ya usajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Wanaofanya bila cheti wapo, na baadhi yao wana jicho zuri sana, jambo ambalo silikatai. Lakini zabuni ya taasisi inapodai vyeti, jicho zuri halina mahali pa kujazwa kwenye fomu.

Fundi Samani, Chang'ombe, alijibu:

Binti yangu, mimi sikusoma ubunifu, ila michoro ya wabunifu ndiyo ninayoitekeleza kila wiki, na ningependa ujue mambo ambayo huwa tunabishana na vijana wakitoka chuoni.

La kwanza ni vipimo vya malighafi. Karatasi ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, huja ikiwa milimita 1220 kwa 2440, yaani futi 4 kwa 8, na unene tunaoutumia zaidi kwa makabati ni milimita 18. Mbunifu akinichorea milango ya kabati yenye upana wa milimita 620, kila karatasi itanitolea mlango mmoja kwa upana, kwa sababu miwili inadai 1240, na zaidi ya milimita 590 zinabaki kipande cha kando. Akichora 600, ninapata miwili na nafasi ya msumeno inabaki. Tofauti ya milimita 20 kwenye karatasi ya mchoro inakuwa fedha nyingi za mteja kwenye karakana.

La pili ni mbao zenyewe. Mbao za paina zinazotoka Mafinga mara nyingi hufika zikiwa na unyevu, na hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu mno. Ukitengeneza mlango na mbao hizo kabla hazijapumzika, baada ya muda utaona viungo vimeachana na mlango umejikunja. Mninga hutulia zaidi, lakini bei yake si ya kila mteja, na mbunifu anayemjali mteja wake anajua wapi panastahili mninga na wapi paina iliyokaushwa vizuri inatosha. Hayo hayasomeki kwenye picha. Tafuta karakana iliyo karibu nawe, omba kwa adabu ukae pembeni uangalie, ushike bawaba, uone droo inavyofungwa. Mafundi wengi watakukaribisha, kwa kuwa nasi tunapenda kufanya kazi na mbunifu anayetuelewa.

Mzee wa Kikuyu, Dodoma, alijibu:

Mwanangu, nimefanya kazi ya usanifu majengo kwa miaka mingi na ninaongeza jambo moja ambalo halisisitizwi vya kutosha: jifunze mahali ulipo. Dodoma iko kwenye nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri liko juu sana mwaka mzima, na veranda ya kawaida inalizuia kirahisi upande wa kaskazini na kusini. Tatizo ni jua la saa kumi alasiri, linaloingia kwa ulalo kwenye madirisha ya magharibi. Nimeona sebule nyingi za mji huu zikiwekewa mapazia mazito upande huo, na bado zinawaka moto, kwa sababu joto likishapita kioo limekwisha kuingia, na pazia linalizuia likiwa tayari ndani. Kinachosaidia ni kivuli cha nje, iwe mti, iwe kiunzi cha mbao, au kuhamisha sebule na kuweka stoo upande wa magharibi, endapo mbunifu ameitwa mapema.

Kuna vumbi pia, ambalo kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza halina likizo. Ukuta wa mawe ya kupambia wenye mikunjo mingi, rafu zilizo wazi na zulia jeupe vinapendeza siku ya kukabidhi nyumba tu. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvichumvi, na kwenye vigae vyeusi vinavyong'aa huacha madoa meupe yasiyoisha. Wagogo waliijua nchi hii walipojenga tembe: kuta nene na paa la udongo hupokea joto la mchana taratibu, na usiku wa Julai, wenye baridi kali, ndani hubaki na uvuguvugu. Siombi urudishe tembe mjini. Nakuomba ukaingie ndani ya moja ikiwa bado ipo kijijini kwenu, uguse ukuta wake mchana na usiku, kisha ujiulize kwa nini chumba chenye bati na jipsamu hakifanyi hivyo.

Binti wa Nzuguni aliandika:

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Shangazi nimemsomea majibu yote, na habari ya bomba la sinki imemgusa kwa sababu hapa nyumbani sinki letu halitoi maji vizuri. Swali langu la mwisho: ninunue kompyuta sasa nianze programu za kuchorea za AutoCAD na SketchUp, au nianze kuchora kwa mkono?

Mbunifu wa Ilazo alijibu:

Anza kwa mkono, mdogo wangu, na fedha ya kompyuta itunzwe hadi chuo kitakapokueleza programu zinazotumika na uwezo wa mashine unaohitajika. Nunua tepu ya mita 5, rula ya skeli, penseli na karatasi za A3. Pima nyumba ya shangazi yako yote, uichore kwa skeli ya 1:50 (sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50 za nyumba), kisha jiko peke yake kwa 1:20, pamoja na kuta zake nne. Jumlisha vipimo vya vyumba na unene wa kuta, ulinganishe na kipimo cha nje. Visipolingana, rudi upime tena. Ukimaliza, chora mapendekezo ya mahali sinki linapoweza kuhamia, ukionyesha bomba litashuka kuelekea wapi, uyaweke hapa. Nitayapitia, na naamini fundi wa Chang'ombe naye atakuambia yatagharimu karatasi ngapi za MDF.