Naomba ushauri: sehemu za Out of Africa, siku mbili kutoka Nairobi

Habari wakuu. Naomba ushauri kwa waliowahi kuzunguka maeneo ilikopigwa filamu ya Out of Africa (1985), inayohusu maisha ya mwandishi Karen Blixen nchini Kenya. Filamu yenyewe ndefu na mapenzi yake yanachosha, ila picha za angani bado hazijapata mpinzani.

Siku ya kwanza ni Karen, kitongoji cha Nairobi. Nyumba ya makumbusho ndiyo aliyoishi Blixen kwa muda mrefu zaidi, lakini kamera ilitumia zaidi nyumba yake ya kwanza, Mbagathi, iliyo jirani. Ukisimama kwenye veranda ya makumbusho na picha ya filamu mkononi, nguzo na pembe hazilingani. Je, Mbagathi inafikika kwa mgeni? Na Ngong, mwanga wa kupiga picha za vilima ni bora asubuhi au jioni, maana ukungu hufunika kilele?

Siku ya pili nataka heroe wengi kama kwenye ile safari ya eropleni katika filamu. Ziwa Nakuru maji yamepanda, chumvi imepungua, mwani wanaoula umepungua, wengi wamehamia Ziwa Bogoria. Kwa gari dogo, Bogoria kwenda na kurudi siku moja inawezekana, au nilale mjini Nakuru?