Vifuniko vya chupa katika kichujio cha maji ya kambare

Mfugaji, Jinja: Ndugu zangu, ninafuga kambare katika matangi ambayo maji yake husafishwa na kurudishwa kwa pampu. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, wanahitaji mahali pa kujishikiza, lakini vipande vya plastiki vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo vinauzwa ghali mno. Je, vifuniko vya chupa za soda, ambavyo huku ninavipata kwa magunia, vitafaa?

Fundi wa maji taka, Kampala: Vitafaa, ila si kwa kiwango kilekile. Vifuniko vingi ni vya polithini nzito au polipropilini, aina mbili za plastiki ambazo zote ni nyepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo utando wa bakteria ukishaota, hewa inayopulizwa kutoka chini hutosha kuvizungusha. Chupa zenyewe usizikatekate humo, kwani PET, plastiki ya chupa hizo, huzama. Jambo la kupima hasa ni eneo lililokingwa: vipande husuguana, na utando wa upande wa nje hukwanguliwa, hivyo unaodumu ni ule wa ndani. Kipande cha K1, aina mojawapo ya vile vipande vya kununua, kilichobuniwa Norway, hutoa takriban mita 500 za mraba za eneo hilo kwa kila mita ya ujazo, ilhali kifuniko kina uvungu mmoja tu. Utahitaji vifuniko vingi zaidi, na kwa sababu vikizidi theluthi mbili ya tangi havizunguki vizuri, huenda ukalazimika kuongeza tangi la pili.

Mwalimu wa kemia, Mbarara: Ninakubaliana na Fundi, na ningeongeza kwamba polithini mpya ni laini na haishikani na maji, kwa hiyo bakteria hawa, ambao hata penye starehe huzaana polepole, huchelewa kuishika. Ikwaruze kwa msasa upande wa ndani, kisha utie vipande vichache kutoka kichujio kinachofanya kazi tayari, mradi samaki wa huko hawana ugonjwa. Tangi liwe kivulini, maana jua huifanya plastiki ivunjike.

Mfugaji, Jinja: Ahsante, Mwalimu. Na sponji ya godoro je?

Fundi wa maji taka, Kampala: Poliyurethani, yaani plastiki ya sponji hiyo, ina eneo kubwa kuliko vifuniko, lakini vitundu vyake huzibwa na uchafu, na bakteria wa katikati hukosa oksijeni. Ukiitumia, chuja kinyesi kwanza, na uikamue katika maji ya tangi lenyewe. Maji ya bomba yenye klorini yatawaua bakteria.