Mliocheka mzee wa kahawa kuunguzwa Manzese kwa sababu ya siasa, njooni hapa

Wakuu, salamu baadaye. Leo nimekuja nimevimba.

Jumamosi jioni, kijiwe chetu cha kahawa Manzese. Mada Katiba mpya, mada tuliyoijadili mpaka kashata zinaijua. Kijana wa bodaboda akasema lake, mtu mzima mmoja akamwita kunguni anayetumwa na mabeberu. Kijana akamrudishia: chawa. Kwa matusi hayo tungecheka tukaagiza kahawa nyingine, kwenye Simba na Yanga tunaitana mabaya zaidi. Lakini kikombe kikaruka, benchi likapinduka, birika likaenda na jiko lake. Kahawa yote ya moto ikaishia kwenye mguu wa mzee anayetuuzia. Mzee hana kadi ya chama chochote. Ukimuuliza anakwambia chama chake ni tangawizi.

Nani alirusha kikombe? Sisemi, maana nikitaja upande wake tu nusu yenu mtaanza kumtafutia sababu.

Na si ugomvi ulionileta hapa. Watu wakipigana wanaamuliwa, yanaisha. Kilichonitoa usingizini ni kundi la WhatsApp la mtaa usiku ule. Picha ya mguu wa mzee imewekwa, ngozi imebabuka, na chini yake stika za kucheka. "Dawa yao ndiyo hiyo." "Bado petroli." Mwingine, mama mtu mzima wa vikoba ninayemheshimu, kaandika kunguni hawaelimishwi, wanapuliziwa dawa. Likes kumi na kitu. Mama, shikamoo yangu ya Jumapili uliitikia vizuri tu, lakini nilikuwa nakuangalia kwa jicho jingine.

Nyie mnaofurahia haya maneno ya wadudu, wa Ngara, kule mpakani na Rwanda, waulizeni. Mwaka 1994 redio kule Rwanda iliwaita watu mende, siku baada ya siku, hadi kuua mende kukawa kazi ya kawaida. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, ndani ya saa 24 tu, wakimbizi takribani 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia kwetu. Sisi ndio tuliowapokea. Leo tunatumia msamiati uleule na stika juu.

Hapa Dar tusijifanye wageni wa jambo hili. Februari 2018, maandamano ya uchaguzi mdogo wa Kinondoni, binti wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji alipigwa risasi ya kichwa akiwa ndani ya daladala. Abiria. Septemba 2017 Tundu Lissu, mbunge wa upinzani wakati ule, alimiminiwa risasi Dodoma mchana kweupe, na nakumbuka vizuri waliosema amejitakia. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, sote tulikuwepo: moto barabarani, risasi, intaneti imezimwa, amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni, watu wanatafuta ndugu zao. Kila upande una wafu wake wa kulilia na wafu wa wenzake wa kuwafanyia utani. Hapo ndipo ninapokasirika.

Najua mtakuja na "wewe ni wa upole upole, umetumwa". Sijatumwa. Wala sisemi watu wanyamaze, kinyume chake kabisa. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa 2016, ikaja kuruhusiwa Januari 2023. Miaka yote ile mtu alikuwa na dukuduku hana pa kulitemea. Ukimfunga mtu mdomo usishangae akitumia mikono. Anayepiga risasi waandamanaji na anayechoma nyumba ya jirani kwa sababu ya rangi ya fulana, kwangu wote wamekiri kuwa hoja zimewaishia. Ingawa yule wa kwanza analipwa mshahara kwa kodi yangu, kwa hiyo namdai zaidi.

Halafu mnasahau tumewahi kuweza. Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi 1991 kuuliza: chama kimoja au vingi? Takribani asilimia 80 walisema kimoja. Asilimia 20 walitaka vingi. Tume ikapendekeza vingi, na 1992 vikaja. Wachache walisikilizwa bila kurusha kikombe, na wengi hawakuwaita kunguni. Ndiyo, baadaye mengi yaliharibika, msinikumbushe, nayajua. Lakini siku ile mtu mwenye asilimia 20 alipewa kiti na maji ya kunywa.

Na mimi si malaika. Mwaka jana nilisambaza sauti moja ya WhatsApp, jamaa anasema mtaa fulani "wanajipanga". Ilikuwa uongo. Niliifuta saa mbili baadaye, imeshafika makundi matatu. Sikuomba radhi kwa mtu. Naomba leo, nimechelewa.

Jana nilikwenda kumwona mzee. Mguu umefungwa bendeji, amekaa kwenye mkeka anahesabu vikombe vilivyobaki. Tisa vimevunjika, na birika limebonyea haliwezi kukaa jikoni. Nikamuuliza kama ataripoti polisi, akasema akienda wataanza kumuuliza yeye ni wa upande gani.

Sasa wewe uliyerusha, najua unasoma humu, juzi ulikuwa unachangia uzi wa bei ya mafuta. Vikombe tisa, birika moja, na nauli ya zahanati kwenda na kurudi. Mzee yupo nyumbani kila siku baada ya alasiri.