Tupeane uzoefu: kazi za mikono na watoto wadogo nyumbani, kwenu mnafanyaje?

BintiChumbageni
Habari zenu wapendwa. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu leo ngoja nilitoe. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 6 na wa kiume anaelekea 4, tupo Tanga, na mimi ni msusi wa mikeka, makawa (vile vifuniko vya kufunikia chakula) na vikapu vya sokoni. Nilifundishwa na bibi mzaa mama na mpaka leo ndo inanisaidia ada na vitu vingine, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 vikapu vimepata heshima yake tena, namshukuru Mungu.

Sasa watu wakija kwangu wakikuta watoto wamekaa mkekani na vipande vyao vya ukindu, yale majani ya mkindu tunayosukia, wananiuliza umewezaje, maana wa kwangu bila simu hatulii. Ninachoamini mimi ni kwamba mtoto ukimpa kazi ya kweli, yaani kipande cha kazi yako mwenyewe unayoifanya muda ule ule pembeni yake, anatulia. Ukimpa kitu cha kumpumbaza ili wewe uendelee na mambo yako anakujua, anakaa kidogo anakurudia.

Wa kike nilimwanzishia msuko wa nyuzi tatu, ule ule tunaosukia nywele, ila nilimchania ukindu mpana makusudi maana mwembamba unamkata vidole na anakata tamaa mapema. Halafu ukindu uloweshwe kidogo ndo unakuwa laini, mkavu unavunjika mkononi mtoto anaanza kulia. Akifikisha kipande kirefu kiasi mimi namzungushia mviringo namshonea, kinakuwa kimkeka cha kuwekea kikombe, na kinatumika hapo hapo, baba yake chai yake ya asubuhi lazima ikae juu ya kile kimkeka, mgeni akija anaoneshwa. Mtoto akiona kitu chake kinatumika nyumbani kesho yake anakuamsha yeye tuendelee. Kikienda kutupwa nyuma ya mlango hasuki tena hata umbembeleze.

Huyu mdogo hasuki bado, yeye ni wa rangi. Nachambua ukindu nikishauchovya na kuukausha yeye anapanga mafungu, mwekundu huku, kijani huku, zambarau huku, nikiwa nasuka nasema nipe kijani ananipa. Rangi kazijua hapo hapo. Kwenye kuchovya tu ndo siruhusu mtoto asogee, sufuria linachemka na ile rangi ikimrukia machoni ni balaa, nafanya wakiwa wamelala.

Haya karibuni, kila mtu aseme la kwake, awe anafuma, anashona, anafinyanga, chochote. Watoto wadogo tu jamani, wa chini ya miaka kama 8 hivi.

fundi_vitenge
Asante kwa uzi mzuri dada. Mi ni fundi cherehani Morogoro, wangu ana miaka 5 anashinda na mimi ofisini akitoka chekechea. Vile vipande vya vitenge vinavyobaki kwenye kukata ndo utajiri wake, ana mfuko wake mzima na wateja wanamjua. Anatengeneza midoli, unakunja kitambaa unafunga kwa uzi pale shingoni na kiunoni basi mtu kashapatikana, hakuna sindano. Halafu anaishonesha nguo, yaani ananiletea mdoli anasema shangazi anaomba gauni la harusi mikono mirefu na mimi namchukulia vipimo kabisa kwa futi na kuandika kwenye daftari. Hapo dakika zangu chache tu lakini yeye mchana mzima ana kazi. Mkasi nampa ule wa shule wenye ncha butu, mkasi wangu wa kazi haugusi na anajua kwanini.

baba_migomba
Mimi nimekulia Bukoba na huko toy za dukani hatukuzijua, mpira ni maganda makavu ya mgomba unayakunja na kuyafunga kwa kamba za mgomba huo huo mpaka unakuwa mgumu, mdoli wa dada zetu nao mgomba, kamba ya kurukia mgomba. Sasa niko Mwanza nyumba ya kupanga migomba hakuna ila sokoni ndizi zinakuja zimefungwa na majani na makamba yake, naomba nabeba bure. Kijana wangu wa miaka 7 nimemfundisha mpira tayari. Lakini anachopenda zaidi ni magari ya maboksi, matairi tunakata kwenye ndala zilizoisha, ekseli ni waya au kijiti kilichonyooka, na siri ya tairi ni tundu liwe katikati kabisa la sivyo gari linayumba, hiyo nilimwacha aigundue mwenyewe na aliigundua, akachukua kifuniko cha soda akachora duara kwa hicho akatafuta katikati kwa kukunja karatasi. Nilifurahi mno siku ile nikawapigia simu mpaka wazee nyumbani. Kutoboa kwa msumari wa moto ni mimi tu.

Ila niulize hapa kwa heshima, mtoto wa kiume kusuka ukili, yaani huo msuko wa ukindu, hamuoni kama inamharibu kidogo? Nauliza tu nijifunze.

BintiChumbageni
@baba_migomba kaka karibu na swali lako ni zuri. Huku pwani dema la kuvulia samaki nani analisuka? Wanaume. Lile lenye matundu ya pembe sita, la mianzi iliyochanwa, uende ufukweni umkute mzee anasuka uone ile akili inayotumika, tundu likikosewa umbo lote linapinda. Babu yangu mwenyewe alisuka madema mpaka macho yalipokataa. Kwa hiyo wangu wa kiume atasuka akipenda, na asipopenda atafanya lingine.

baba_migomba
Nimekuelewa dada, dema nilikuwa sijalifikiria kabisa. Asante.

MamaGredi2
Mimi niko Machakos Kenya na nimesoma hii yote nikaona niandike. Tangu CBC, ule mtaala mpya wa shule, ianze 2019 hizi kazi za mikono zimeingia kila nyumba hapa kwetu, mtoto anakuja jioni anasema mwalimu amesema kesho tulete kikaragosi, wiki ijayo ni mkeka wa karatasi, baadaye ni kitu cha kutumia vifuniko vya chupa, na mzazi umetoka kazi saa mbili usiku umechoka. Sasa kinachotokea ni wazazi wengi wanafanya wenyewe mtoto akiwa amelala, asubuhi kinapelekwa kitu kizuri kama cha dukani. Mimi hilo silikubali. Kuna mama ninayemjua mtoto wake alirudishwa na kazi yake kwa sababu haikuwa nadhifu, mtoto wa Gredi 1! Kazi ya mtoto wa miaka saba inafaa ionekane ni ya mtoto wa miaka saba, gundi imejaa, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, hapo ndipo unajua vidole vyake vimefanya kazi. Ile safi safi ni ya mama yake na mama hakuandikishwa shule.

Ile ilinisaidia ni kumpeleka kwa susu yake, yaani nyanya yake, wikendi. Susu anafuma viondo, vikapu vyetu vya mkonge, anasokota mkonge kwa paja tangu sijazaliwa. Mtoto hawezi kusokota mkonge, unamwasha, kwa hivyo susu alimletea sweta kuukuu la babu akamwambia alifumue lote akunje uzi uwe mpira. Hiyo kazi ya kufumua tu, mtoto aliipenda sana, anavuta uzi anacheka, anakunja, anavuta tena. Na uzi huo ndio susu anaingiza kwa kiondo kama rangi, ule mstari wa bluu unaona kwa kiondo chetu cha sokoni ni sweta ya babu. Sasa kila kitu shuleni wakitaka cha kusuka yeye ndiye anawaonyesha wenzake.

Swali kwa BintiChumbageni, makawa unauza bei gani na yanafika Mombasa?

BintiChumbageni
@MamaGredi2 njoo inbox dada, Mombasa yanafika bila shida. Na hilo la susu na sweta limenigusa sana.

wa_Matema
Mimi ni Mkisi wa huku ziwani Nyasa. Kwetu chungu ndo kila kitu, akina mama wa Ikombe wanafinyanga na Jumamosi vinashuka gulioni Matema kwa mitumbwi, vingine vinapakiwa vinaenda mbali sana huko. Watoto wa kwetu hawafundishwi kwa kukalishwa chini, wanakuwepo tu. Mama akikanda udongo mtoto anamegewa bonge lake, ni mkono na kipande cha kukwangulia, kwa hiyo hata mtoto wa miaka mitatu anachofanya ni kile kile anachofanya mama ila kidogo. Wangu wa miaka 5 anatengeneza visufuria, ng'ombe na mitumbwi na watu wake ndani.

Kitu cha kuwaambia ambao mnataka kujaribu udongo nyumbani, udongo mtupu ukikauka unapasuka, lazima uchanganywe na mchanga laini kidogo, na kitu kikaukie kivulini taratibu siku kadhaa, ukikianika juani moja kwa moja kinapasuka na mtoto anaumia roho. Kuchoma si lazima. Sisi mama akichoma vyungu vyake anaweka na vya mtoto humo humo, moto wa wazi wa nyasi na kuni, mtoto anakaa mbali na anajua mpaka wake uko wapi. Kile kisufuria kikitoka chekundu kimekomaa furaha yake siwezi kuielezea, anakipikia kweli, mboga kidogo kwenye mafiga yake ya mawe na dada mkubwa akiwa pale.

mwalimu_chekechea
Kwa tusiokuwa na udongo wala ukindu, mimi nipo Dar ghorofani, natumia unga. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kama kikombe kimoja unamimina kidogo kidogo unakanda kama chapati, na kijiko cha mafuta usigande mikononi. Rangi ya manjano ni bizari tu, ila tandikeni gazeti maana bizari kwenye nguo haitoki. Ukiweka kwenye kopo lenye mfuniko unakaa siku kadhaa laini. Angalizo kubwa, chumvi ni nyingi mno humo, mtoto asile, akianza kuupeleka mdomoni toa kabisa mpe kitu kingine.

Gundi nayo msinunue, unga kijiko na maji baridi koroga mabonge yaishe, weka jikoni koroga mpaka uzito wa uji, ukipoa gundi hiyo. Magazeti na hiyo gundi tumetengeneza bakuli, tumepaka juu ya bakuli la plastiki lililopakwa mafuta, tabaka kwa tabaka, likikauka unalichomoa. Ificheni tu, mende na panya wanaipenda.

mpwani_Muscat
Asalaam alaykum ndugu zangu. Mie niko Muscat, mama kazaliwa Unguja na katuletea mambo yake yote huku, pamoja na kushona kofia. Wanaojua kofia ya mkono wanajua, kitambaa kinachorwa kwanza kwa kalamu, kisha vile vitundu vinatobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi, duara la juu peke yake na ubavu peke yake, mwisho ndo vinaunganishwa. Ni miezi. Mama hushona baada ya alasiri na wajukuu wapo hapo.

Mwanangu wa kike ana miaka 7, bibi yake kamtobolea kadi ngumu kwa nakshi ile ile ya kofia, ua na jani lake, kampa sindano kubwa butu na uzi mnene, anafuata matundu. Sasa anajua nakshi nne kwa kichwa bila kutazama. Na kaka yake mdogo kazi yake kutia uzi kwenye sindano maana macho ya bibi hayaoni tena, yaani bila yeye bibi hashoni, na yeye analijua hilo fika, akiitwa anaacha mpira uwanjani anakuja mbio. Wallahi hicho nimekiona kwa macho yangu, mtoto anayehitajika haitwi mara mbili.

fundi_vitenge
@mpwani_Muscat hilo la kutia uzi nalichukua, macho ya mama yangu nayo yamechoka, mjukuu aanze kesho.

mgeni_jamvini
Samahani naingilia, mimi wangu ana miaka miwili na nusu, kila kitu mdomoni, kila kitu anachana. Yote mliyosema hapa bado hawezi. Nifanyeje? Natamani nianze mapema na mimi mwenyewe sijui kusuka wala kushona.

BintiChumbageni
@mgeni_jamvini karibu mamii. Huyo anayechana mpe kazi ya kuchana! Magazeti ya zamani achane vipande vya ile gundi ya mwalimu wetu hapo juu, unakaa naye, anachana wewe unabandika. Kama uko karibu na minazi mpe kuti bichi, tenganisha majani yake muyachane pamoja mpate saa ya mkononi, miwani, pete, hivyo hata asiyejua kusuka anaviweza, muulize mtoto yeyote wa mtaani pwani atakufundisha. Shanga, vifungo, mbegu za mbaazi na sindano viwe mbali kabisa kwa umri huo, na chelewa, vile vijiti vya kuti, pia maana ncha zake ni macho tu zinatafuta. Na wewe mwenyewe chagua kitu kimoja ujifunze, usimwachie yeye, akikuona unahangaika na kusuka pole pole atakaa hapo.

Usiku nikipata nafasi ntaweka hatua za kushona ule mviringo wa ukili maana watatu wameniuliza inbox. MamaGredi2 nakuomba na wewe umuulize susu kitako cha kiondo kinaanzwaje utuandikie, na wa_Matema utuambie huo mchanga unachanganya kiasi gani kwa bonge la mtoto.

wa_Matema
Mchanga ni konzi moja kwa konzi nne za udongo, za mkono wa mtoto mwenyewe. Ukiona bado unapasuka ongeza kidogo.